Mrija wa Kupumulia na Mkono Wangu wa Kulia

Nilitoka Tunduma Jumatatu alfajiri nikiwa nimefungwa shingo kwa khanga ya mama ntilie mmoja, nikafika Mwanza Jumanne jioni bila kugeuza kichwa hata mara moja. Basi la kwanza lilinilaza Dodoma, la pili likanipitisha Singida na Shinyanga. Njia yote ile naijua. Karibu kila mji niliwahi kuandika jina la duka, la saluni, la baa au la kanisa, na kwa kawaida nikipita hukaa dirishani kuangalia kama rangi yangu bado ipo. Safari hiyo nilitazama kisogo cha abiria wa mbele kutoka Makambako mpaka Iringa. Kila tuta la barabarani lilipita begani, likashuka mkononi kama shoti ya umeme, likaishia kwenye kidole cha mwisho. Kijana aliyekaa pembeni yangu alinifungulia chupa ya maji bila kuombwa. Sikumjua jina, na sijamsahau.

Mimi ni mchoraji wa mabango. Nilimaliza kidato cha nne, nikaondoka kwetu Muleba na brashi tatu, na tangu hapo sijakaa mji mmoja kwa zaidi ya miaka miwili. Miaka ishirini na zaidi nimesimama chini nikaandika juu: kwenye kuta, kwenye vichwa vya malori, kwenye mageti. Kichwa nyuma, mkono juu. Pale Tunduma nilikuwa namalizia jina la lori moja la kwenda Zambia brashi ikadondoka. Nikaiokota, ikadondoka tena.

Mwenye lori akacheka. "Fundi, jana ulilala wapi wewe?"

Nikacheka naye. Ilipodondoka mara ya tatu hatukucheka.

Naandika haya kwa mtu ambaye sasa hivi anaangusha vijiko na kuwaambia watu kwamba amechoka tu. Habari za mishipa na pingili za shingo watakueleza waliosomea. Mimi nitasema yale niliyoyapitia, pamoja na kosa langu, maana kosa hilo lilikaribia kuninyima mkono wa kulia, na mkono huo ndio kazi yangu yote.

Dada yangu Koku anakaa Buswelu, hapo hapo Mwanza, na mume wake Masanja, Msukuma mpole anayeuza vifaa vya mifugo. Wana watoto wawili. Walinipa chumba cha watoto, watoto wakahamia sebuleni. Ilikuwa mwisho wa kiangazi, vumbi limekaa hata kwenye majani ya migomba. Dada alinitazama mlangoni akasema, "Waitu, ndugu yangu, barabara zimekurudisha kama mzigo uliovunjika." Kisha akanivua viatu.

Hospitali tulikwenda kesho yake. Pale kwenye benchi la kusubiri niligundua kwamba wagonjwa wa shingo tunafanana. Mtu akiitwa kutoka nyuma hageuzi kichwa, anageuka mwili mzima kama kabati. Tulikaa pale safu nzima tukitazama ukuta. Mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa amefanyiwa upasuaji alitusalimia akigeuza kichwa huku na huku, na sote tulimwonea wivu. Alikuwa amepona vizuri, nalisema hilo mapema ili mtu asije akanisoma na kukimbia kisu cha daktari. Kwangu mimi ulikuwa uoga tu. Niliwaza, wakikosea kidogo, nitashika nini tena?

Walinipa vidonge na kola ya shingo ya kuvaa wiki sita. Halafu wakanipeleka chumba cha mazoezi kwa Mama Joyce, mwanamke mnene mwenye viganja vya moto ambaye alikuwa ananivuta shingo taratibu kama anayechomoa karoti na hataki ikatike. Kila nilipofika alinipa vidole vyake viwili.

"Kamua."

"Nakamua, mama."

"Anza basi."

"Nimeshaanza."

Hapo alikuwa anaandika kitu kwenye kadi bila kunitazama.

Mvua za vuli zilianza nikiwa bado na kola. Mkono ulikonda. Kati ya kidole gumba na cha shahada pakawa na kishimo, nilikuwa nakibonyeza kila nikikaa peke yangu. Vifungo vya shati vilinishinda. Dada alinifunga kila asubuhi kabla ya kwenda dukani kwake Mabatini, anakouza vitenge na nguo za watoto, na siku akichelewa alinifunga kwa hasira, akiruka kimoja. Kilichoniuma zaidi kilikuwa chakula. Kwetu tunakula pamoja kwa mkono, na mimi mkono uliobaki ulikuwa wa kushoto. Siku ya kwanza nilipoupeleka kwenye sahani ya ndizi watoto walitazamana. Nikaurudisha nikasema nimeshiba. Kesho yake Masanja alikuja mezani na vijiko vitano.

"Kuanzia leo nyumba hii inakula kwa kijiko," alisema. "Wahaya hawa wanatudharau kwamba Wasukuma hatujastaarabika."

Dada, ambaye ni Mhaya, alimtazama, akachukua kijiko. Tulikula hivyo mpaka siku naondoka.

Kola ilipovuliwa, Mama Joyce aliniuliza, "Unajua kuogelea?"

"Mama, mimi ni mtoto wa ziwa."

"Sijauliza ulikozaliwa. Unajua?"

"Najua."

Akanieleza niende kwenye bwawa, nisiende ziwani, huko nitaongeza kichocho juu ya shingo. Mara tatu kwa wiki, taratibu, uso ndani ya maji. "Kocha wa pale atakuelekeza," alisema. Habari ya uso na ya kocha zote zilinipita tu.

Bwawa lenyewe liko kwenye hoteli moja iliyo karibu na ziwa. Asubuhi maji yake hujaa sami, wale wadudu wadogo wanaotoka ziwani kama moshi, na mfanyakazi huwachota kwa wavu kabla watu hawajaingia. Kocha alikuwa Rehema, mwanamke wa miaka thelathini hivi, mfupi, filimbi shingoni.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

"Nimeambiwa una tatizo la shingo. Naomba nikuonyeshe namna ya kulaza kichwa."

"Dada, mimi nilikuwa naogelea wewe hujazaliwa."

Alinitazama kidogo. "Haya, kaka. Maji hayo hapo."

Nikaingia, nikaogelea kama nilivyofundishwa. Na hapa lazima nieleze tulivyofundishwa. Ufukweni kwetu mtoto anaogelea kichwa kikiwa juu. Baba alikuwa anasimama kwenye jiwe akipiga kelele, "Macho! Macho!" Anayezamisha uso haoni mamba, haoni mtumbwi unaokuja, na nguo alizozifunga kichwani zinalowa. Mtu aliyeweka uso majini alichekwa kuwa ni mgeni wa kutoka milimani. Kwa hiyo nilikwenda na kurudi kwenye bwawa lile la vigae vya bluu nikiwa nimekunja shingo nyuma, macho mbele, nikimtafuta mamba ambaye hayupo. Nilijiona hodari. Nilipotoka shingo ilikuwa inawaka moto, nikasema ni dalili ya dawa kufanya kazi.

Wiki tano nilifanya hivyo. Krismasi ikapita, Januari ikaja na jua lake. Vidole viwili vya mwisho vikafa ganzi kabisa. Mama Joyce akauliza, "Unaogelea?" Nikajibu, "Sana." Daktari alipima, akasema tusiendelee kupoteza muda, akaniandika kwenye orodha ya upasuaji. Niliporudi nyumbani nilichukua brashi na kujaribu kuandika jina langu kwenye kipande cha boksi. Lilitoka kama la mtoto wa chekechea. Dada alikuta kile kipande jikoni, akakiweka kwenye moto wa mkaa.

Ni Mama Joyce aliyegundua. Alikuwa anashangaa nguvu za mkono zinakwenda chini wakati kila mtu wa aina yangu anapanda angalau kidogo.

"Panda kitandani," alisema. "Lala kifudifudi. Niogelee hapa nione."

"Hapa kitandani?"

"Sina bwawa humu ndani."

Wagonjwa wengine watatu walikuwa wanatazama. Nikalala, nikainua kichwa, nikaanza kupiga mikono hewani. Nilihisi kiganja chake cha moto kikitua kwenye kisogo changu, pale pale palipokunjika.

"Unaogelea hivi?"

"Ndiyo."

"Wiki zote tano?"

"Ndiyo, mama."

"Kocha alisema nini?"

Nikaficha uso kwenye godoro. Mzee mmoja aliyekuwa anafundishwa kutembea na fimbo akasema, "Alimjibu kocha vibaya huyo. Ona masikio yake." Wote wakacheka, na mimi nikacheka uso ukiwa kwenye godoro, halafu nikajikuta machozi yanatoka. Mama Joyce aliniacha nimalize. Kisha alivua koti lake, akaenda mwenyewe kwa daktari. Alirudi na wiki nane. Kama baada ya wiki nane mkono haujapanda, ninaingia chumba cha upasuaji bila maneno. Na miguu ikianza kuniyumbisha hata kidogo, ninakuja siku hiyo hiyo. Aliniambia, "Nimekuombea kwa jina langu. Ukiniaibisha, hao wagonjwa watatu ni mashahidi."

Asubuhi iliyofuata nilimkuta Rehema anafunga kamba za kugawa bwawa.

"Nimekuja kujifunza," nikasema.

"Kujifunza nini, kaka?"

"Kuogelea."

"Si ulianza kabla sijazaliwa?"

"Nilianza vibaya mapema."

Alicheka mpaka akakaa chini. Baada ya hapo hakunitajia tena jambo lile.

Tatizo lilikuwa hili: uso ukiwa majini, mtu anapata pumzi kwa kugeuza kichwa pembeni, na mimi shingo haikugeuka. Rehema akaenda stoo akarudi na mrija. Si ule wa pembeni wa watalii wanaotazama samaki. Huu unapita katikati ya uso, juu ya pua na paji, unashikwa na mkanda kichwani, ncha yake inachungulia nje ya maji. Waogeleaji wake wa mashindano huutumia ili wasahau habari ya kuvuta pumzi na kushughulikia mikono tu. Mimi nilipewa ili nisahau habari ya shingo.

Usidhani ni rahisi. Siku ya kwanza sikuogelea kabisa. Nilisimama kwenye kina kifupi, nimeshika ukingo, uso majini, navuta hewa kwa mdomo. Mara tatu za kwanza niliruka kama niliyechomwa. Pua ilitaka kuvuta na yenyewe, maji yakapanda mpaka nyuma ya macho. Rehema akaniletea kibanio cha pua. Halafu taya zikauma.

"Kaka, huo si muhindi wa kuchoma. Ung'ate kidogo tu."

Maji yakiingia kwenye mrija unatakiwa uyatoe kwa pumzi moja fupi. "Sema 'tu!' kwa nguvu," alinifundisha, na wiki nzima nilikuwa nasema "tu!" kama mtu anayefukuza kuku. Kilichonishinda kuliko vyote kilikuwa kukubali kutoona mbele. Kila baada ya mapigo matatu kichwa kiliinuka chenyewe. Rehema alikuwa anatembea ukingoni sambamba na mimi, na kila kikiinuka alinigusa kisogo kwa ubao wa kuelea. Hakunipiga, alinigusa tu, lakini kwa siku moja niliguswa mara zisizohesabika.

"Mamba hayupo!" alipiga kelele.

"Najua!"

"Mwambie kichwa chako!"

Katika wiki ya pili kikalala. Sijui kilikuwa kitu gani. Nadhani shingo ilichoka kugombana. Mara nikaona kiuno kimepanda chenyewe, miguu imepanda nyuma yake, mwili mzima umelala juu ya maji kama ubao, na shingo, kwa mara ya kwanza tangu Tunduma, haikubeba chochote. Nilikwenda kutoka ukingo hadi ukingo. Nilipofika nilibaki nimelala pale uso majini, navuta hewa, sitaki kusimama.

Na kwa kuwa sikuhitaji tena kutoka kutafuta pumzi, niliweza kutazama. Hiki ndicho kitu ambacho ningependa kila mgonjwa wa mkono akione. Chini ya maji niliuona mkono wangu wa kulia ukifanya kazi, safari nzima, bila kukatizwa. Wa kushoto uliingia, ukashika maji, ukayasukuma nyuma. Wa kulia uliingia umelegea, vidole vimeachana kama vya mtu anayepunga mkono kuaga, ukateleza mpaka pajani bila kusukuma kitu. Ulikuwa unasindikiza tu. Nikamwambia Rehema.

"Nilikuwa nangoja uuone mwenyewe," alisema. "Sasa uangalie kila ukipita. Usiulazimishe. Uangalie tu, ukumbushe vidole vikae pamoja."

Nikauangalia. Februari nzima, jua likipenya kwenye maji na kuchora mistari juu ya vigae, niliuangalia mkono ule kama mtu anayemwangalia mgonjwa wake wodini. Siku nyingine ulichoka nusu ya bwawa, nikarudi nyumbani nimekunja uso, na dada akasema niache kujitesa nipasuliwe yaishe. Siku nyingine kidole cha nne kilisogea karibu na cha tatu na kikakaa. Kisha asubuhi moja nilihisi maji. Nilihisi uzito wake kwenye kiganja, upande wa nje, ule uliokuwa umekufa. Nilisimama katikati ya bwawa.

"Kuna nini?" Rehema akauliza.

"Maji ni mazito."

Akaelewa. Alipuliza filimbi, watu wote wakageuka kututazama.

Wiki nane zilikwisha masika imekolea. Mama Joyce akanipa vidole vyake. "Kamua." Nikakamua. Akasema, "Haya, acha." Nikaendelea. "Nimesema acha wewe, nina kazi leo." Daktari naye alipima kwa vifaa vyake, akaniondoa kwenye orodha, akanitaka nirudi baada ya muda apime tena. Nilirudi, na mkono ukawa bado unapanda. Kidole cha mwisho hakijarudi chote mpaka leo. Nimekizoea.

Rehema alianza kuninyang'anya mrija kidogo kidogo: safari moja nao, moja bila. Alisema mtu akiuzoea sana anajenga uvivu mwingine. Nikajifunza kuvuta pumzi kwa kuzungusha mwili mzima, bega likipanda kichwa kinapanda nalo, bila kukunja shingo. Mvua zilipokatika nilikuwa naogelea nusu saa bila kitu usoni.

Hapo ndipo ugomvi wa nyumbani ulipoanza. Nilikuwa nimeanza kuota harufu ya tapentaini ya kuchanganyia rangi. Kibondo, Namanyere, Mpanda, miji ambayo nikiwa ndani yake huwa nailalamikia, sasa ilinijia yote ikiwa mizuri. Mwenye hoteli mmoja wa Kibondo ninayefahamiana naye aliniambia ana ukuta mrefu unangoja. Nilipomwambia dada, aliacha kusonga ugali.

"Umepona ili uondoke?"

"Nimepona ili nifanye kazi."

"Miezi tisa nimekufunga vifungo, Feli."

"Najua, dada."

"Hujui. Wewe ulikuwa unatazama ukuta. Mimi ndiye niliyeuona ule mkono unavyokauka." Akaendelea kusonga kwa nguvu. "Kaa hapa. Masanja atakutafutia fremu, uuze rangi. Ukitaka kuandika, andika ukiwa umekaa."

Masanja alisema, "Mimi msinitie humo, naogopa maji," akatoka nje na chai yake.

Tulinuniana siku nne. Siku ya tano dada aliniita dukani Mabatini. Ngazi ilikuwa imeegemezwa ukutani, na chini yake kopo la rangi nyekundu na la nyeupe.

"Niandikie jina la duka," alisema. "Ukiweza, nenda. Ukishindwa, unakaa."

Zamani ningesimama chini nikanyoosha shingo. Sasa nilipanda mpaka macho yangu yakawa sawa na herufi, nikaandika, nikashuka, nikasogeza ngazi hatua moja, nikapanda tena. Ilinichukua siku nzima kazi ya saa tatu. Muuza mitumba wa jirani alikuwa anapita kila mara: "Fundi, unaandika au unahesabu ngazi?" Mara mbili nilipumzisha mkono nikautikisa. Dada hakutoka nje hata mara moja, ila kila nikishuka niliona pazia limesogea. KOKU VITENGE NA NGUO ZA WATOTO. Herufi za mwisho mkono ulikuwa umechoka, na ile O ya mwisho ikalala kidogo upande.

Alitoka akasimama barabarani, mikono kiunoni.

"Hiyo O imelewa."

"Nitaifuta niirudie kesho."

"Kesho unasafiri," alisema. "Iache."

Asubuhi nilifunga vifungo vyangu mwenyewe, vyote, nikanywa chai nao. Rehema nilikuwa nimeshamuaga, na mrija nilimwachia stoo kwake. Dada hakunisindikiza stendi, alisema ana wateja. Basi lilivuka daraja la Busisi kwa dakika chache, pale ambapo zamani tulikuwa tunakaa kwenye foleni ya kivuko mpaka tunasahau tuendako. Niligeuka dirishani kutazama ziwa, kushoto, halafu kulia, na shingo ikanifuata.

Tulikuwa tumeshaipita Sengerema simu ilipolia.

"Kuna mama hapa ana duka Igoma," dada alisema. "Amesimama nje anatazama ukuta wangu. Anamtaka aliyeandika."

"Umemwambiaje?"

"Nimemwambia alikuwa anaumwa, akapona, akaondoka."

"Akasemaje?"

"Ameuliza atarudi lini." Nilisikia sauti ya mkasi ukikata kitambaa. "Nikamwambia huyo harudi, atafute mtu mwingine."